Msumari wa Reli

Mwaka 1993, nikiwa darasa la tano, mwalimu alituuliza nani kati yetu anamjua mtu aliyepanda treni. Nikanyoosha mkono. "Babu yangu. Aliipanda hapa hapa mjini, akaenda nayo Bububu." Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akasema treni ziko bara, Unguja hakujapata kuwa na treni, na mimi nikae kitako. Nikakaa, machozi yakinilenga mpaka kengele ya mwisho.

Nyumbani babu hakunibembeleza. Alivaa kofia yake, akachukua bakora. "Twende."

Tulianzia Ngome Kongwe. "Hapa ndipo ilipoanzia," akasema, kisha akaniingiza kwenye njia nyembamba za mji. Kila penye kona alisimama na kupapasa ukuta kwa kiganja. Akiwa mdogo alitoa mkono nje ya behewa ashike kuta zikipita, mama yake akamchapa kibao. Nilimtazama babu yangu, mtu mzima wa miaka sabini na nane, akiusugua ule mkono kama bado unamuuma.

Gari ya Bububu tuliipanda Darajani. Wanaoijua Darajani ya wakati ule hawahitaji kuelezwa: gari za shamba na za mjini zimebanana, utingo wanagombania abiria, harufu ya pweza na doriani inatoka sokoni. Soko lenyewe lilijengwa 1904, mwaka mmoja tu kabla treni ya Bububu haijaanza kwenda. Gari haikuwa imejaa, basi babu akapata nafasi ya kusimulia, na benchi zima likanyamaza kumsikiliza.

Miaka nimekuja kuisoma ukubwani. Yeye alisema tu "zama za Sayyid Barghash". Barghash, aliyekuwa Sultani wa Zanzibar, alijenga reli ndogo ya kwenda kwenye kasri lake la Chukwani mwaka 1879. Mwanzo mabehewa yakikokotwa na nyumbu, baadaye ikaletwa injini ya moshi kutoka Uingereza. Na reli ya bara, ya Mombasa kwenda Uganda, ilikuja kuanza kujengwa 1896! Hii ya Bububu, maili 7, ilijengwa na kampuni ya Kimarekani. Abiria waliipanda mpaka 1922. Motokaa zilipozidi ikaachiwa kubeba mawe ya kujengea bandari, mpaka nayo kazi hiyo ikaisha.

Mama mmoja akasema ndiyo maana pakaitwa Bububu, kwa mlio wa treni.

"La, mwanangu," babu akamjibu kwa upole. "Jina limeitangulia treni. Bibi Salme, binti wa Sultani, alikaa Bububu kabla hajaondoka Unguja, na treni haikuwapo. Ni maji ya chemchemi yale, yanavyobubujika."

Salme aliondoka 1866. Nimelihakiki hilo, na babu alikuwa sahihi.

Bububu tulikwenda moja kwa moja kwa dada yake. Nyuma ya nyumba palikuwa na mbuzi jike amefungwa kwenye chuma kilichokitwa ardhini. Babu akachutama, akakitikisa huku na huku mpaka kikang'oka, akakifuta udongo kwa ncha ya shuka. Kilikuwa msumari mnene wa pembe nne, kutu tupu, kichwa chake kimetokeza upande mmoja kama mdomo wa ndege. Kichwa hicho ndicho kilichokuwa kikiubana mtaimbo wa reli usitoke kwenye gogo.

"Kapeleke skuli."

Nilikipeleka. Mwalimu alikipima uzito mkononi, akakigeuza, akaja nacho mpaka mbele ya darasa. "Mwenzenu alisema kweli," akawaambia. "Mimi ndiye niliyekuwa sijui." Kisha akaniuliza babu yangu anakaa wapi.

Ijumaa baada ya sala alikuja, na daftari kwapani. Walikaa barazani na birika la kahawa mpaka alasiri ikaadhiniwa, babu akimchorea kwa bakora mchangani njia yote, kutoka Ngome mpaka Bububu.