Kerneli Mpya Imegoma Kuwaka: Anzia Mistari ya Juu

Mstari unaopigwa picha kuliko yote ni huu:

`Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)`

Mtu amejenga kerneli yake (kiini cha mfumo wa Linux, kinachosimamia vifaa vyote), amewasha upya, skrini imeganda hapo, naye anakata shauri kwamba kerneli ni mbovu. Leo nimekuwa nikiwaza jinsi shauri hilo lilivyo kinyume. Kerneli iliyofika kwenye mstari huo imeshafanya kazi kubwa: imejifungua kutoka kwenye mgandamizo, imepanga kumbukumbu, imeamsha kori zote za prosesa, imeita draiva zake moja baada ya nyingine, na bado ina nguvu ya kukuandikia kilichoikwamisha. Kinachokosekana ni njia ya kuifikia diski. Mara nyingi kosa liko kwenye vitu vinavyoizunguka kerneli: initramfs (mfumo mdogo wa muda unaopakiwa kwenye kumbukumbu ili kuitafuta diski), moduli (vipande vya kerneli, kama draiva, vinavyopakiwa vikihitajika), jina la patisheni (sehemu ya diski), nafasi iliyobaki ndani ya /boot (folda ya faili za kuwashia).

Nachukulia Debian 13, kerneli ya tawi la 6.12, na laptopu ya UEFI (programu ya ubao inayoanzisha kompyuta) yenye diski ya NVMe (aina ya SSD ya kasi). Zana ya kutengeneza initramfs kwenye Fedora ni dracut na kwenye Arch ni mkinitcpio, lakini mantiki haibadiliki.

Mstari wa paniki (kerneli kusimama kwa kosa isiloweza kulivuka) ni wa mwisho na ndio wenye habari chache. Panda juu kidogo:

```
VFS: Cannot open root device "UUID=3f2c..." or unknown-block(0,0): error -6
Please append a correct "root=" boot option; here are the available partitions:
List of all bdev filesystems:
 ext3
 ext2
 ext4
```

Tazama mahali patupu kati ya mstari wa pili na wa tatu. Hapo ndipo kerneli huorodhesha kila diski na kila patisheni inayoiona. Pakiwa patupu, haioni diski hata moja, kwa hiyo kubadilisha `root=` (kigezo kinachotaja patisheni ya mfumo) ni kupoteza muda; draiva ya diski haipo. Pakiwa na kitu kama `103:00002 ... nvme0n1p2`, diski imeonekana na tatizo limehamia kwenye jina ulilotaja au mfumo wa faili. Hiyo 103 imeandikwa kwa heksa: ni 259 ya kawaida, namba inayopewa patisheni za NVMe. Ndiyo maana paniki ya aina hiyo husomeka `unknown-block(259,2)`, na kwa diski ya SATA husomeka `unknown-block(8,2)`. Ukiona 0,0, kerneli haijui hata ni diski gani unayozungumzia. Ukiona namba halisi, inaijua ila haiwezi kuisoma. Hapo angalia kama ext4, btrfs au xfs unayotumia imo kwenye orodha ya mifumo ya faili iliyochapishwa chini.

Halafu kuna jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha. Kwenye Debian ya kawaida, kerneli haitakiwi kufika kwenye paniki hii kabisa. Anayetafuta patisheni ya mfumo ni initramfs: kerneli ikikuta `/init` ndani yake, inaikabidhi kazi na kukaa pembeni. Ikijaribu kupachika `/` yenyewe, maana yake initramfs haikupakiwa, au imepakiwa lakini haikufunguka. Na kerneli peke yake haielewi `root=UUID=...`, kwa sababu UUID hiyo (namba ya utambulisho) imeandikwa ndani ya mfumo wa faili, na wanaoisoma ni zana za initramfs. Inachoelewa yenyewe ni `root=/dev/nvme0n1p2` au `root=PARTUUID=...`, ambayo hutoka kwenye jedwali la patisheni. Amri `blkid` huonyesha zote mbili, na kuzichanganya ni rahisi mno.

Basi swali la kwanza ni hili: initramfs iko wapi? Kwenye menyu ya GRUB (programu inayopakia kerneli) bonyeza `e` juu ya kerneli mpya. Utaona mstari unaoanza na `linux`, na chini yake unatakiwa kuwepo mwingine unaoanza na `initrd`. Usipokuwepo, umepata jibu. Hutokea hasa pale mtu anaponakili `bzImage` (faili la kerneli iliyojengwa) kwa mkono kwenda /boot, kwa sababu `cp` haiamshi skripti za /etc/kernel/postinst.d ambazo ndizo hutengeneza initramfs. Washa kerneli ya zamani, kisha:

```
sudo update-initramfs -c -k 6.12.30-jaribio1
sudo update-grub
```

Jina baada ya `-k` lifanane herufi kwa herufi na folda iliyomo ndani ya /lib/modules. Ikikuambia `W: missing /lib/modules/...`, `make modules_install` haikufanyika, au ilifanyika kwa jina tofauti.

Mstari wa `initrd` ukiwepo na bado inapaniki, pima faili lenyewe. `df -h /boot` itakuambia kama nafasi imekwisha. Patisheni ndogo ya /boot hujaa upesi, na faili lililokatika katikati huonekana zima ukiliangalia kwa `ls` bila kusoma ukubwa wake. Kinachojaza ni alama za utatuzi wa hitilafu ndani ya moduli. Kerneli iliyojengwa na CONFIG_DEBUG_INFO (majina ya CONFIG_ ni machaguo ndani ya faili la mpangilio, .config) huzaa initramfs ya mamia ya MB badala ya makumi, na wakati mwingine GRUB huishia kulalamika `out of memory` kabla hata kerneli haijaanza. Dawa yake ni neno moja wakati wa kusakinisha:

```
sudo make INSTALL_MOD_STRIP=1 modules_install
sudo make install
```

Uwezekano mwingine ni mgandamizo. Debian hubana initramfs kwa zstd, na ukizima CONFIG_RD_ZSTD kwa kuona ni mzigo, kerneli inapewa kifurushi isichojua kukifungua. Itasema `Initramfs unpacking failed`, lakini sekunde kadhaa kabla ya paniki, juu kabisa, na maandishi yatakuwa yameshapita. Kuhusu kuyanasa nitasema mbele kidogo.

Aina ya pili ya kukwama ni ya upole zaidi. Hakuna paniki, baada ya muda unaona `ALERT! UUID=... does not exist. Dropping to a shell!` na kidokezo cha `(initramfs)`. Initramfs imefanya kazi, ila diski haijatokea. Hapo una vyombo vya kutosha: `cat /proc/cmdline` kuona kerneli imeambiwa nini, `cat /proc/modules` kuona kilichopakiwa, `ls /dev` kuona kama kuna `nvme0n1` yoyote. Isipokuwepo, jaribu `modprobe nvme`. Ikikubali na diski ikatokea, andika `nvme` ndani ya /etc/initramfs-tools/modules ukishaingia kwenye mfumo, halafu tengeneza initramfs upya. Ikisema haijapatikana, moduli haikujengwa. Kwenye laptopu nyingi za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea kuna mtego wa ziada: NVMe hufichwa nyuma ya kidhibiti kiitwacho VMD, na bila CONFIG_VMD draiva ya nvme hata ikiwepo haitaona chochote.

Ukiamua kuishi bila initramfs, kila kitu cha njiani lazima kiwe `=y` (ndani ya kerneli), si `=m` (moduli): CONFIG_BLK_DEV_NVME (au SATA_AHCI pamoja na BLK_DEV_SD), CONFIG_EXT4_FS, CONFIG_DEVTMPFS na DEVTMPFS_MOUNT. Draiva ya diski iliyoachwa kuwa moduli huku initramfs haipo ni ufunguo uliofungiwa ndani ya sanduku lake. Na kama patisheni yako imefungwa kwa LUKS (usimbaji wa diski), achana na wazo hilo. Kuna lazima ya kuwa na kitu cha kukuuliza nywila, na kitu hicho kinakaa kwenye initramfs.

Wengi hufika kwenye shida hizi kupitia `make localmodconfig`. Ni amri nzuri, inapunguza muda wa kujenga mara nyingi, lakini inapiga picha ya `lsmod` (orodha ya moduli zilizopakiwa) ya dakika ile tu. Flashi ambayo haikuchomekwa, kamera, kibodi ya USB iliyokuwa droo, zote hazimo kwenye picha. Kabla ya kuiendesha, chomeka kila unachokitumia na upachike kila patisheni. Baadaye linganisha mpangilio mpya na ule unaowaka. Ndani ya chanzo cha kerneli kuna zana ndogo ambayo naithamini kuliko makala nyingi:

```
scripts/diffconfig /boot/config-$(uname -r) .config | grep -Ei 'nvme|ahci|vmd|ext4|dm_|rd_|hid|xhci'
```

Skrini nyeusi ina tabia yake. Inaandika `Loading initial ramdisk ...` kisha kimya. Usidhani imekufa. Bonyeza Caps Lock: taa ikiitikia, kerneli iko hai na kinachokosekana ni skrini. Kwenye kibodi za aina ya PS/2, ambazo ndizo zimo ndani ya laptopu nyingi, taa ikipepesa yenyewe, hiyo ni paniki. Ikiwa hai, jaribu kuingia kwa SSH kutoka mashine nyingine. Vya kukagua ni CONFIG_DRM_SIMPLEDRM pamoja na CONFIG_SYSFB_SIMPLEFB, au CONFIG_FB_EFI, na CONFIG_FRAMEBUFFER_CONSOLE. Draiva ya picha kama amdgpu au i915 iache iwe moduli. Ikijengwa ndani ya kerneli huomba faili zake za /lib/firmware mapema, patisheni ya mfumo ikiwa bado haijapachikwa, na kama initramfs haikuzibeba utaona `Direct firmware load for amdgpu/... failed with error -2`.

Kunasa maandishi ya mwanzo: kwenye GRUB, bonyeza `e`, futa `quiet` na `splash`, kisha mwishoni mwa mstari wa `linux` ongeza `ignore_loglevel earlycon=efifb`. Bonyeza Ctrl+X. Mabadiliko hayo hayahifadhiwi, kwa hiyo jaribu bila woga. Maandishi yakikimbia mno, rekodi video ya skrini kwa simu halafu uipitie fremu kwa fremu; `boot_delay=` inaweza kuyapunguza kasi, lakini inataka CONFIG_BOOT_PRINTK_DELAY, na ni wachache walioiwasha kabla ya kuihitaji.

Wakati mwingine kompyuta inafika hadi systemd (programu inayoanzisha huduma za mfumo) kisha inakutupa kwenye `emergency mode`, na ndani ya logi unakuta `unknown filesystem type 'vfat'`. Diski ni nzima. Kinachotokea ni kwamba `uname -r` haina folda inayolingana ndani ya /lib/modules, hivyo /boot/efi haipachikiki na systemd inakataa kuendelea. Na kama akaunti ya root imefungwa, utaambiwa hivyo na kunyimwa terminali; hapo weka `init=/bin/bash` kwenye GRUB, kisha `mount -o remount,rw /`.

`bad shim signature` ni Secure Boot, ulinzi wa UEFI unaokataa kerneli isiyo na saini inayoaminika. Hakikisha kwa `mokutil --sb-state`, kisha saini kerneli kwa ufunguo wako mwenyewe au zima Secure Boot kwenye UEFI.

Kerneli ya zamani nayo ikigoma, sababu kubwa ni kwamba zote mbili zina jina moja la toleo, na `modules_install` imeandika juu ya moduli za ile nzima. Ndiyo maana CONFIG_LOCALVERSION isiachwe tupu. Hata `-jaribio1` inatosha. Ikishatokea, utahitaji flashi ya Debian ya moja kwa moja (live, inayowaka bila kusakinishwa):

```
mount /dev/nvme0n1p2 /mnt
mount /dev/nvme0n1p1 /mnt/boot/efi
for d in dev proc sys run; do mount --rbind /$d /mnt/$d; done
chroot /mnt
apt install --reinstall linux-image-6.12.xx+deb13-amd64
```

Jina kamili la pakiti utalipata kwa `dpkg -l 'linux-image*'`. Kwa LUKS, fungua kwanza kwa `cryptsetup open`, na jina unalolipa lazima liwe lilelile lililoandikwa kwenye /etc/crypttab. Likitofautiana, initramfs mpya inaweza kutoka bila mpangilio wa kufungua diski, nawe ukarudi pale pale.

Kabla ya kuijaribu kerneli kwenye chuma halisi, iwashe ndani ya QEMU (kompyuta ya kuigiza):

```
qemu-system-x86_64 -m 1G -nographic -no-reboot -kernel arch/x86/boot/bzImage -append "console=ttyS0 panic=-1"
```

Ikipaniki kwa `Unable to mount root fs`, furahi. Haikupewa diski, kwa hiyo imefika mbali kadiri inavyoweza. Ikifa kabla ya hapo, una tatizo halisi la kerneli na umelijua bila kugusa mfumo wako.

Kisha weka `GRUB_DEFAULT=saved` ndani ya /etc/default/grub, endesha `update-grub`, ongeza `panic=20` kwenye vigezo vya kerneli mpya, na uichague kwa mara moja tu kwa `grub-reboot`. Ikipaniki, baada ya sekunde 20 inajiwasha upya na kurudi kwenye ya zamani, jambo la thamani kubwa kwa seva iliyo mbali nawe. Ila kama /boot iko juu ya LVM (mgawanyo wa diski wa kimantiki) au btrfs, GRUB haiwezi kuandika kwenye faili lake la kumbukumbu, hivyo chaguo la "mara moja" litajirudia kila inapowaka. Pia `panic=` haisaidii mashine iliyoganda bila kupaniki.

Na ukishahakikisha initramfs ni nzima, draiva zimo, majina yanalingana, na bado inaanguka kwenye mashine yako pekee huku toleo lililotangulia likiwaka kwa mpangilio uleule, hapo sasa ndipo pa kuituhumu kerneli yenyewe. Chukua `git bisect` (amri inayotafuta badiliko lenye kosa kwa kugawa historia nusu kwa nusu), taja toleo zuri na baya, na uwe na subira: mabadiliko 1,000 huhitaji majaribio kama 10, kila moja ikiwa na ujenzi wake na kuwasha kwake.