Pakanga yangu na fangasi wa mizizi

Jamani, pakanga yangu, ule mmea wa dawa, hapa Lushoto inanipa raha! Miche niliyoichanganyia kitaluni konzi ya udongo wenye vijizizi vya mahindi yaliyokomaa imewaacha wenzake mbali. Majani yamejaa, na ukiyafikicha harufu inapanda mpaka puani.

Wanaofanya kazi ni maikoraiza, fangasi wanaoishi mizizini. Nyuzi zao, nyembamba kuliko unywele, hupenya mahali ambapo mzizi haufiki na kuuletea mmea fosforasi, ambayo udongo wetu mwekundu huing'ang'ania mno. Mmea nao huwalipa sukari. Watafiti wa India waliwahi kuonyesha kuwa fangasi wa jenasi ya Glomus huongeza hata artemisinini ya pakanga, ile inayotengenezewa dawa mseto ya malaria. Mbolea ya fosfeti siweki kitaluni, maana ikizidi fangasi hawa hupungua. Sasa zamu ya mwarobaini!