Pi iliyojizima ovyo: shida ilikuwa waya

Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja, inayorekodi kamera za duka letu Eastleigh ilikuwa ikijizima na kujiwasha ovyo, hasa diski ya nje ikianza kuandika. Fundi mmoja alilaumu kadi ya kumbukumbu. Tukaweka mpya, ugonjwa uleule. Nikaandika vcgencmd get_throttled, amri ya kuuliza Pi hali ya umeme wake, ikajibu 0x50005, yaani: volti ziko chini sasa hivi, na prosesa imepunguzwa kasi. Onyo hilo hutoka volti zikishuka chini ya 4.63 hivi. Kumbe chaja ilikuwa ya simu, waya mwembamba kama uzi wa kushonea. Nikashuka Luthuli Avenue, mtaa wa vifaa vya elektroniki Nairobi, kutafuta chaja ya volti 5, ampea 3, yenye waya mnene (huko kila kitu huitwa orijino, pima mwenyewe). Diski nikaihamishia kwenye habu (kigawanyaji cha USB) yenye chaja yake. Baada ya kuwasha upya, jibu ni 0x0: hakuna onyo lolote.