Urea na salfeti zatoa jibu moja? Wiki ya tatu ya jedwali la hewa chafu

Nimelikamata leo jioni, baada ya wiki tatu: kosa katika jedwali langu la kukadiria hewa chafu ya mbolea na pampu shambani.

Kwa mfuko mmoja wa urea, kilo 50, Calc, programu ya majedwali, ilikuwa inanipa kilo 136.5 za CO2e, yaani gesi zote zikigeuzwa kuwa uzito wa hewa ukaa wenye athari sawa. Nilipopiga hesabu kwa mkono nikapata 135.4. Nikaona ni desimali tu, nikaendelea. Kisha nikaingiza salfeti ya amonia, ikatoka 136.5 ileile! Mbolea yenye naitrojeni asilimia 21 italinganaje na yenye 46?

Nimeibomoa fomula seli kwa seli. Makosa ni matatu, na yalikuwa yanafichana. Jopo la tabianchi la Umoja wa Mataifa, IPCC, linakadiria kuwa asilimia 1 ya naitrojeni ya mbolea hutoka udongoni ikiwa gesi ya nitrasi oksidi. Asilimia hiyo nilikuwa naizidisha kwa uzito wa mfuko mzima badala ya kilo 23 za naitrojeni zilizomo, kwa hiyo jibu likavimba. Halafu nilisahau 44/28: asilimia hiyo ni uzito wa naitrojeni tupu, sharti igeuzwe kuwa uzito wa nitrasi oksidi kabla ya kuzidishwa kwa 273, yaani mara ambazo gesi hiyo inapasha joto kuliko hewa ukaa. Hapo jibu likasinyaa. Na hewa ukaa inayotolewa na urea yenyewe ikivunjika udongoni, kilo 36.7 kwa mfuko, sikuiweka kabisa. Bovu juu ya bovu, jumla ikaangukia karibu na jibu sahihi, kwa urea peke yake. Ningebaki na urea tu, nisingegundua kamwe.

Sasa urea ni 98.7 jumlisha 36.7, salfeti 45.0. Ile 98.7 ni sawa na kuchoma lita 37 hivi za dizeli, na inatoka udongoni bila moshi wowote. Ndiyo maana inaniuma kuona watu wanahesabu pampu na trekta, wanaishia hapo.

Seli zote nimezipa majina. Fomula iliyojaa $B$7 na $D$12 haisomeki, na kosa lisilosomeka halionekani. Kwa hili Calc inatosha kabisa.

Leo ilikuwa zamu ya pampu: kujaza tangi hadi mdomoni, kumwagilia, kujaza tena na kupima lita za mafuta iliyotumia. Nimeiacha kwanza, kwa sababu mbolea bado ina jambo kubwa. Marekebisho ya IPCC ya 2019 yanaigawa ile asilimia 1: mbolea ya viwandani kwenye hali ya hewa ya unyevu ni asilimia 1.6, kwenye ukavu 0.5. Kwa mfuko uleule wa urea, 98.7 inakuwa 157.9 au 49.3! Katika ukanda wa joto, mpaka kati ya unyevu na ukavu ni milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Daftari langu la mvua liko hapa mezani, naanza kujumlisha Januari.