Nilivyopata vipuri vya mashine ya kusaga dagaa hapa Mwanza

Siku hizi nikitengeneza mashine, sichongi shafti, yaani mhimili unaozunguka, kabla sijazunguka maduka ya vipuri mjini. Beringi ninayoikuta kwenye maduka matatu au zaidi ndiyo inayoamua kipenyo cha shafti. Ukianza na mchoro, unaweza kujikuta unaagiza beringi Gerezani, Dar es Salaam, na siku ikifa, mteja wako anasubiri nyingine ije kwa basi huku magunia yamelala.

Mashine yangu, inayosaga dagaa wa chakula cha kuku, inatumia beringi namba 6308: tundu milimita 40, nje 90, upana 23. Tarakimu mbili za mwisho, kuanzia 04, zidisha kwa 5 upate tundu. Ila ukitaja namba hiyo tu, utapewa yoyote iliyopo. Mimi naandika kwenye karatasi: 6308 2RS C3. 2RS ina mpira pande zote mbili. ZZ ina bati, na bati huacha mwanya. Dagaa wengi wa ziwani huanikwa mchangani, hivyo mashine inasaga na mchanga humohumo. Vumbi hilo likiingia kwenye beringi, grisi inageuka msasa. C3 ina nafasi zaidi kwa ndani. Mota ya mizunguko 1,440, puli ya inchi 8 ikivuta ya inchi 4, shafti inakwenda 2,880 kwa dakika. Ringi ya ndani inapata moto na kutanuka kuliko ya nje, na isipokuwa na nafasi inajibana.

Dukani nafungua boksi, nalinganisha namba ya boksi na ya kwenye chuma, napima kwa vernia (kipimo cha sehemu za milimita), kisha nazungusha kwa mkono karibu na sikio. Ikikwaruza, narudisha. Maandishi yakifutika kwa kitambaa chenye petroli, naiacha hata kama bei ni nzuri.

Kilichonisumbua zaidi ni beringi za nyumba, yaani zilizokaa ndani ya kasha lake la chuma, kwa shafti ndogo ya kulishia. UCP 205 ni ya milimita 25. UCP 205-16 ni ya inchi moja, yaani 25.4. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ukivalisha ya inchi kwenye shafti ya 25, inaingia vizuri mno, na hapo ndipo mtego ulipo: skurubu za kubana zinaisukuma shafti upande mmoja, inazunguka ikiwa nje ya senta, inatikisika, mwisho inalika. Vernia iwe mfukoni, maana hiyo 0.4 vidole havitaisikia.

Mikanda ya kutoka mota hadi shafti ni saizi ya B60, mitatu kwa mashine moja. Nainunua kwa pamoja, ya kampuni moja na toleo moja, kwa sababu ule uliozidi kuwa mfupi utabeba mzigo wote na kukatika kwanza. Ndiyo maana mteja simuuzii mmoja wa akiba. Namuuzia mitatu, na mmoja ukikatika anabadilisha yote.