Uzamili wa Uhasibu: Anza na Orodha ya Kozi, Jina la Chuo Baadaye

Shahada za uzamili za uhasibu zinafanana kwa majina kama mapacha, ila ukizifungua ndani unakuta kila moja na lake. Ile ya "Uhasibu na Fedha" mara nyingi ni shahada ya fedha iliyovaa koti la uhasibu: ukihesabu kozi zake kumi unakuta sita ni uchambuzi wa hisa, hati fungani na usimamizi wa vihatarishi. Ya "uhasibu wa kitaaluma" kwa kawaida imepangwa ikifuata mitihani ya bodi fulani. Nyingine imetengenezwa kwa ajili ya waliosoma fani tofauti kabisa, na mhitimu wa uhasibu akiingia humo atalipia kurudia mwaka wake wa pili. Kifupi cha MPA nacho kiangaliwe kwa makini, maana chuo kimoja kinamaanisha uhasibu wa kitaaluma na kingine utawala wa umma.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha vyuo, amua unataka kufanya kazi gani. Anayetaka kusaini ripoti za ukaguzi wa hesabu ajue kwamba uzamili peke yake haumpi saini hiyo. Saini inakuja na leseni, na leseni inadai mitihani ya kitaaluma pamoja na uzoefu wa kazi uliothibitishwa. Uzamili unaweza kufupisha njia hiyo, au usiiguse kabisa.

Chukua ACCA, chama cha kimataifa cha wahasibu chenye mitihani yake ya kitaaluma. Muundo wake uliozoeleka una karatasi 13, na elimu uliyonayo inaweza kukusamehe hadi 9 za mwanzo. Karatasi za ngazi ya mwisho, yaani Strategic Professional, hazina msamaha kwa mtu yeyote. Zaidi ya hapo unatakiwa kuwa na miezi 36 ya uzoefu. Tatizo huanzia pale mtu anapoona chuo kimeandika "tunatambuliwa" akadhani mambo yameisha. Msamaha unafuata programu, mwaka wa masomo na kozi ulizofaulu. Ukiacha kozi ya hiari ya kodi ukachukua ya masoko, msamaha wa karatasi ya kodi unaweza kukuponyoka. Isitoshe, kila karatasi unayosamehewa inalipiwa ada. Angalia mwenyewe kwenye kikokotoo cha misamaha cha ACCA. Na kama shahada yako ya kwanza tayari imekupa misamaha yote 9, uzamili hautakuongezea hata mmoja. Hapo sababu ya kuusoma iwe nyingine.

Marekani hesabu ni tofauti. Kwa miaka mingi leseni ya CPA, ile ya mhasibu wa umma aliyethibitishwa, imedai krediti 150 wakati shahada ya kwanza huwa na takriban 120, na uzamili wa krediti 30 ukawa ndio wa kuziba pengo. Sasa mlango unapanuka: Ohio, kwa sheria iliyosainiwa Januari 2025, iliweka njia ya shahada ya kwanza pamoja na miaka miwili ya uzoefu, na majimbo mengine yamefuata. Mwenye nia ya uzamili kwa ajili ya krediti tu asome kwanza kanuni za jimbo atakaloombea leseni. Tangu Januari 2024 mtihani wenyewe una sehemu tatu za lazima (ukaguzi, taarifa za fedha, kodi na sheria) na moja ya kuchagua: taarifa za juu na uchambuzi wa biashara, mifumo na udhibiti, au kodi na mipango yake. Kozi zako za hiari ziende sambamba na sehemu hiyo ya kuchagua.

Jambo jingine ni viwango vinavyofundishwa. Programu za Marekani huegemea US GAAP, yaani kanuni za uhasibu za nchi hiyo, na nchi nyingi duniani zinatumia IFRS, viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha. Tofauti si za maneno tu. US GAAP inaruhusu kuthamini bidhaa ghalani kwa LIFO, yaani kuhesabu kwamba zilizoingia mwisho ndizo zinazotoka kwanza. IAS 2, kiwango cha kimataifa cha bidhaa ghalani, inakataza. IFRS inaruhusu kurudisha thamani ya mtambo iliyokuwa imeshushwa, US GAAP hairuhusu kwa mali inayoendelea kutumika. Soma mfumo utakaoutumia kazini.

Sasa omba muhtasari wa kozi ya taarifa za fedha za juu, ule wenye mada za kila wiki. Kama hawautoi, hilo nalo ni jibu. Ukiupata, tafuta mikataba ya upangaji. IFRS 16, kiwango cha mikataba hiyo, ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2019, na tangu hapo mpangaji anaingiza karibu kila mkataba kwenye mizania, isipokuwa ya muda mfupi na ya mali za thamani ndogo. Muhtasari unaoendelea kumgawia mpangaji mikataba katika mafungu mawili ya zamani (ya kifedha na ya uendeshaji) haujaguswa kwa miaka. Halafu tafuta IFRS 18, iliyotolewa Aprili 2024, inayochukua nafasi ya IAS 1, kiwango cha uwasilishaji wa taarifa za fedha, kwa vipindi vya hesabu vinavyoanza 1 Januari 2027 na kupanga upya taarifa ya mapato na matumizi. Kuunganisha hesabu za kampuni mama na tanzu zake kupewe wiki kadhaa, kodi iliyoahirishwa isibanwe kwenye kipindi kimoja cha mwisho. Kwa kozi ya uchambuzi wa data, uliza kazi ya mwisho ni nini. Kuchuja maingizo yote ya leja kuu kwa SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, ukitafuta yasiyo ya kawaida ni ukaguzi. Kuchora grafu za Excel unaweza kujifunza mwenyewe jioni.

Tasnifu isikutishe, ila ipime. Uingereza, ambako krediti huhesabiwa tofauti na Marekani, uzamili kamili una krediti 180 na mara nyingi 60 ni za tasnifu, yaani theluthi nzima. Inamfaa anayewaza uzamivu, mradi programu ifundishe ekonometriki, yaani takwimu za kupima mambo ya uchumi. Kinachokwamisha wengi ni data: mada inahitaji hesabu za kampuni mia mbili kwa miaka kumi, na maktaba haina Compustat wala Orbis, hifadhidata za hesabu za kampuni. Miezi miwili inapotea, kisha mada inageuzwa kuwa dodoso la haraka. Uliza kuhusu hifadhidata kabla ya kulipa.

Anayetoka fani nyingine aulize kozi za msingi ni ngapi na kama zinahesabiwa ndani ya shahada. Krediti 30 zilizotangazwa huweza kufika 45 zikiongezwa hizo.

Na unayesoma huku unafanya kazi, weka ratiba ya mitihani kando ya kalenda ya kufunga hesabu. Kampuni zinazofunga mwaka Desemba huwabana wakaguzi kuanzia Januari hadi Machi, kwa hiyo muhula wenye mitihani Februari utagongana na kazi kila mwaka. Uliza kama kozi inaweza kuahirishwa bila kulipiwa upya, na jibu lije kwa maandishi.