Kidole cha Mwisho

Mwaka 2012 nilikuwa nesi mgeni kazini katika zahanati moja ya Ngamiani, Tanga, nikatwishwa kazi ambayo wenzangu waliikwepa: kuwafundisha wagonjwa wa sukari kutunza miguu. Nikajiandaa kama mwanachuo anayekwenda mazoezi ya ualimu. Karatasi ya manila, kalamu ya wino mzito, na juu kabisa nikaandika: OSHA MIGUU KILA SIKU.

Mzee mmoja wa mbele, aliyeegemeza baiskeli yake dirishani ili aione, akainua mkono.

"Mwanangu, mimi miguu naiosha mara tano kwa siku tangu sijabaleghe. Leo nimeacha nyavu zangu nije nifundishwe kuosha miguu?"

Benchi zima likacheka. Nami nikacheka, kwa aibu. Wengi pale walitawadha kila siku, na mimi nimewabebea somo la mtu asiyejua birika.

Nikamwomba anionyeshe anavyoosha. Akavua ndala, akapitisha kidole kidogo cha mkono kati ya vidole vya mguu, kimoja kimoja, kama sunna inavyotaka. Alipofika cha mwisho nikaona ngozi nyeupe iliyovimba maji, kama ya mtu aliyeshinda baharini, na ndani yake ufa mwekundu.

"Babu, hapa hapaumi?"

"Wapi?"

Nikanyoosha mkono, akarudisha mguu. "Nina udhu wangu wa adhuhuri, usinitengulie." Nikavaa glavu, hapo akaridhika, maana ngozi ya mwanamke haigusani na yake. Nikachukua ule uzi wa nailoni wa kupimia hisia za mguu, unaopinda ukibonyezwa kwa uzito wa gramu 10, nikamwambia afumbe macho na aitike "naam" kila akihisi nimemgusa. Nikabonyeza chini ya kidole gumba mpaka uzi ukapinda. Kimya. Katikati ya wayo. Kimya. Mara akaitika "naam", na mimi sijamgusa popote. Safari hii hakuna aliyecheka.

Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, na aghalabu huanzia miguuni. Mtu hukanyaga msumari asijue. Wapo hata walioumwa na panya usingizini, wakagundua asubuhi kwa damu ya kwenye shuka. Unyevu wa kati ya vidole huzaa fangasi, ngozi hupasuka, vijidudu vikapata mlango. Maji ya babu hayakuwa na kosa. Kosa ni kuvaa ndala mguu ungali umelowa, mara tano kwa siku.

"Na kujifuta baada ya udhu, yafaa?" akauliza.

Kabla sijajibu, mzee wa nyuma akadakia: "Jifute, bwana wee! Mguu ukikatwa, utaosha nini?"

Nikageuza manila, nikaandika upya: KAUSHA. TAZAMA. Hilo la pili ndilo lililozua ubishi, kwa kuwa wengi macho yamepungua na magoti hayakunjiki. Tukakubaliana kioo kiwekwe sakafuni, au mwenye macho mazima akutazamie. Babu nikampeleka kwa daktari, akapewa dawa ya fangasi ya kupaka.

Mwezi uliofuata alikuja na kipande cha kanga kimefungwa kwenye usukani wa baiskeli. Ufa ulikuwa umefunga. Mkaguzi wake ni mjukuu wa darasa la pili: kila jioni humulika tochi ya simu kati ya vidole, ujira wake kashata moja.

"Na mimi kashata mmenikataza," akalalamika. "Anaila mbele yangu, huku kanishika mguu."